Samaki wa Machungwa Hakuwa Wangu

Brenda, anayeniheshimu kama nyanya yake, aliniambia, "Shosho, andika habari za kazi yako vile unaongea, sisi tutanyoosha." Msinyooshe. Nilifika darasa la nne, kisha nikatolewa shule kwenda kulea watoto wa shangazi yangu, lakini maandishi niliyobaki nayo yananitosha kusoma gazeti, kuandika orodha ya soko na kumwambia mtu ukweli. Nilipandishwa cheo lini na nikaongezwa nini, hayo yako kwenye faili za ofisi, na sijaona mtu akishiba kwa kusoma faili. Nitawaandikia nyinyi wa jikoni habari za samaki. Ndiye mliyenisifia siku ya kuniaga, na kuna jambo juu yake ambalo sikuwaambia miaka yote tuliyosimama pamoja kwenye moto.

Mimi ni Mkikuyu wa Mutuini. Nyumbani kwetu samaki hakuwa chakula. Mama alimweka kundi moja na nyoka, na siku nilipomwambia nimepata kazi mjini Nairobi kwenye hoteli ya samaki aliweka beseni la maji na majivu nje ya mlango. Miezi mingi nilinawa pale kabla ya kuruhusiwa kuingia. Mkiona vijana wa kwetu leo wanakula samaki na ugali bila wasiwasi, jueni kuna watu walionawa kwanza.

Hoteli ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya River Road, meza saba, na mwenyewe alikuwa Bi Rukia, mama wa Kiislamu kutoka pwani, mfupi, na sauti ya chini iliyofika kila kona. Siku ya kwanza alinipa tilapia kumi na kisu. Nikaanza kukwaruza kutoka kichwani kwenda mkiani. Magamba hayatoki. Nakaza mkono, hayatoki. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, huyo wamtoa magamba au wambembeleza alale?"

"Natoa, mama."

"Basi geuza. Anza mkiani uende kichwani. Ni kama paka, ukitaka manyoya yasimame wampapasa kinyume."

Niligeuza, na magamba yakaruka mpaka kwenye nywele zangu. Jioni hiyo mama aliyatoa kichwani mwangu kwa kijiti, hakutaka kuyashika.

Bi Rukia hakuwa na kipimo cha kitu chochote. Chumvi aliipima kwa vidole vitatu, mafuta kwa kusikiliza. Alinifundisha kufungua shavu la samaki nione wekundu ndani, maana macho yakimwagiwa maji yanaweza kukudanganya, lakini shavu halidanganyi. Alinifundisha kumpiga chale tatu kila upande, kumpaka chumvi mapema, kisha kumkausha kwa kitambaa kikavu kabisa kabla ya kumtia kwenye karai. Samaki mwenye maji anang'ang'ania karai kama mpangaji asiyetaka kuhama. Alinifundisha kutupa kipande cha kitunguu kwenye mafuta, na kama hakipigi kelele, ngoja. Haya yote mmeyasikia kwangu. Yalikuwa ya Bi Rukia, na kila mara nilitaja jina lake. Hilo mtanikubalia.

Samaki wa machungwa ndiye aliyejaza hoteli jioni za siku za kazi. Wateja walikuwa makarani na wenye maduka, wanatoka saa kumi na moja, wanataka kula upesi wafike kwao Riruta na Dagoretti kabla barabara haijajaa magari. Ili wao wale upesi, sisi tulianza mapema. Saa tisa Bi Rukia anakamua machungwa, anachemsha juisi na sukari guru, tangawizi na kitunguu saumu, polepole, zaidi ya nusu saa, mpaka inakuwa nzito ya kushika mgongo wa kijiko. Kisha anaimwaga juu ya samaki wa kukaangwa.

Alichemshia ndani ya sufuria moja tu, nyeupe, ile ya zamani iliyopakwa rangi ngumu na kuchomwa, yenye ukingo wa buluu. Ilikuwa na ndoano yake ukutani na haikupika kitu kingine. Sufuria zetu za kawaida, za alumini, hazipatani na chungwa. Juisi ikichemka humo muda mrefu inaila ile sufuria, mchuzi unageuka kijivu, na ukionja ni kama umelamba ufunguo. Bi Rukia alinieleza mimi hilo mwaka wa kwanza. Hakumweleza kila mtu.

Nilifanya kazi pale miaka tisa, nikatoka kwenye kuosha vyombo nikafika mkono wa kulia wa Bi Rukia. Ndipo alipokuja Auma.

Auma alikuwa msichana wa upande wa Kisumu, kule ziwani kwa wavuvi, mrefu, mcheshi, na alipasua samaki huku akiangalia mlangoni nani anaingia. Hakujikata hata mara moja. Mimi kovu la kidole gumba ninalo mpaka leo. Wateja walimpenda kabla hajapika. Kulikuwa na karani mmoja, Mutua, mteja wetu wa kila jioni, ambaye siku ya kwanza ya Auma alimwangalia akibeba sinia, kisha akanigeukia mimi kwa sauti ya hoteli nzima.

"Wambui, wewe sasa tupikie githeri. Samaki waachie wenyewe."

Wote wakacheka, maana githeri, mahindi na maharagwe, ndicho chakula cha kwetu. Auma pia akacheka, akasema, "Aki muache dada wa watu, yeye ndiye atanifundisha." Angenitukana ingekuwa afadhali.

Wivu nao ni ajira. Unaamka nao, unavaa nao aproni, na hauna likizo. Nilihesabu mara ngapi Bi Rukia alimwita Auma jikoni aonje kitu. Siku moja nilimsikia akimwita "mwanangu", lile neno nililodhani ni langu, na nikakata vitunguu kilo tatu ambazo hakuna aliyeziagiza.

Mwaka wa pili wa Auma, magoti ya Bi Rukia yakakataa. Hakuweza tena kusimama kwenye moto jioni nzima. Akatuita sisi wawili.

"Jiko la samaki lataka mtu mmoja. Jumatatu na Jumanne atapika Wambui. Jumatano na Alhamisi atapika Auma. Mimi nitakaa mezani nile kama mteja, kisha nitasema."

Nilipika siku zangu mbili kama nilivyofundishwa. Sahani zilirudi zimelambwa. Bi Rukia alikula akasema, "Ndiye." Neno moja, lakini kwake lilikuwa refu.

Jumanne, wakati wa kufunga, niliosha ile sufuria nyeupe, nikaipangusa, na badala ya kuitundika nikaisukuma nyuma ya gunia la viazi stoo. Sikutumwa na shetani. Nilitumwa na mimi.

Jumatano saa tisa Auma alisimama mbele ya ndoano tupu.

"Wambui, ile nyeupe iko wapi?"

"Si unaangalia ukuta? Uliza ukuta."

"Jana ulipika wewe."

"Nikaosha, nikaweka. Angalia vizuri, wewe si una macho ya ziwa?"

Alitafuta, akakosa, saa zikaenda, akachukua sufuria ya kawaida. Nilimwona akiimimina juisi. Ningeweza kusema neno moja. Nikaendelea kukatakata sukuma wiki.

Saa kumi na moja na nusu Mutua alitia tonge mdomoni, akalisimamisha hapohapo.

"Auma, huyu mmemkaanga na misumari?"

Sahani saba zilirudi. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka alie kidogo, ningemfariji. Hakulia. Aliziosha zile sahani mwenyewe, halafu akasimama kwenye ile sufuria anaonja kwa kidole, anafikiri, anaonja tena, kama mtu anayesoma barua. Hapo furaha yangu ikaingia baridi.

Alhamisi nyeupe bado haikuwepo, na Auma hakuiuliza. Saa tisa ikapita hajakamua. Saa kumi ikapita. Nikadhani amekubali kushindwa. Saa kumi na moja na robo makarani wanaingia, Bi Rukia akageuka kwenye kiti chake.

"Auma, juisi i wapi?"

"Bado iko ndani ya chungwa, mama."

Sasa nyinyi fuateni vizuri. Alikaanga samaki. Pembeni, kwenye sufuria ya kawaida, aliyeyusha sukari guru kwa maji kidogo, na tangawizi, saumu na pilipili moja, bila juisi kabisa, mpaka ikawa nzito kama asali. Dakika tano. Akaitoa motoni, akaimimina kwenye bakuli la udongo. Ndipo akakamua machungwa mawili na ndimu moja humo humo, akakoroga, akamwagia samaki angali anachuruzika mafuta ya moto ya karai. Moto wa samaki mwenyewe ndio uliokausha mchuzi ukang'aa juu ya ngozi. Chungwa halikuona moto hata kidogo. Likabaki na ukali wake na harufu yake, hoteli nzima ikanuka kama mtu ameanza kumenya chungwa mezani kwako.

Mutua alikula, akaita wa pili, akasahau kunitania. Bi Rukia alionja akafumba macho. Kwangu hakufumba macho.

Baada ya wateja kutoka alituita. "Jiko la samaki ni la Auma," akasema. "Amepika upesi na amepika vizuri. Na ile nyeupe irudi kwenye ndoano yake kesho asubuhi. Sitauliza ilikuwa wapi." Aliyasema hayo akiangalia magoti yake. Laiti angeniangalia mimi.

Niliirudisha. Mwisho wa mwezi nikaaga. Bi Rukia alinishika mikono miwili. "Utapata kazi popote, Wambui. Na huko uendako, wafundishe wenzio kama nilivyokufundisha." Nikasema ndiyo, mama.

Nilienda Lavington, kwanza kupika nyumbani kwa watu. Mama wa nyumba alikuwa anatoka kazini saa moja, viatu mkononi, watoto wanamvuta sketi, anasema, "Wambui, tafadhali, nusu saa." Nusu saa ya mtu aliyechoka si nusu saa ya hoteli. Wiki ya kwanza nilimpikia samaki wa Bi Rukia na nikachelewesha watoto kulala. Wiki ya pili nikapika wa Auma. Dakika ishirini, pamoja na ugali. Yule mama alikula akiwa amesimama.

"Huyu umejifunzia wapi?"

"Nilimtunga mwenyewe," nikasema.

Lilitoka kirahisi hivyo. Nilingoja mtu anikatalie, na hakukuwa na mtu.

Kisha nikaja kwenye jiko la ofisi, ambako mlinikuta. Kila mmoja wenu nilimsimamisha pembeni yangu nikamwonyesha, na mkaandika kwenye simu zenu, "Samaki wa Shosho". Mliozaa mnawapikia watoto jioni mkitoka kazini. Peter alimpikia mkwe wake akakubaliwa. Nami niliwaambia yale yale, na nayarudia kwa sababu bado mnakosea: ukitumia minofu badala ya samaki mzima, upande wa ngozi uanze chini na usimguse mpaka ajiachie mwenyewe. Usikamue ule weupe wa ganda, ni mchungu. Ndimu iwe nusu ya chungwa. Na mchuzi utoke motoni kwanza, halafu chungwa. Nilivyosema, "Chungwa lisione moto," nilisema kwa sauti ya mtu aliyevumbua.

Habari za Auma zilinifikia. Bi Rukia alirudi kwao pwani, hoteli ikafungwa, na Auma akafungua yake Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma, mahali ambapo mtu mwenye akili hauzi samaki. Akajaza. Nilisikia watu wanavuka mji kwenda kumla. Tangu siku hiyo sikukanyaga Kenyatta Market, hata kwa wasusi wake wanaojulikana mji mzima. Nilisukwa nywele Riruta na mama mmoja aliyekuwa ananivuta mpaka nyusi zinapanda, miaka na miaka, ili tu nisipite mbele ya ile hoteli. Wivu unagharimu hata ngozi ya kichwa.

Halafu mkaniaga. Keki, leso, maneno. Na Brenda, kwa wema wako wote, ukasimama ukasema, "Na kuna mama fulani Kenyatta Market anamuiga Shosho. Nilionja, ni samaki wetu kabisa. Watu hawana aibu." Mkapiga makofi.

Nitakuwa mkweli, nililifurahia lile neno. Nilienda nalo nyumbani. Jumamosi lilikuwa tamu, Jumapili kanisani likaanza kunikwaruza, na Jumatatu nikamwona Auma akiwa amesimama mbele ya sahani saba, sasa anaitwa mwizi na watoto niliowafundisha mimi. Jumanne mchana nikavaa sweta nikaenda kwake.

Alinitambua nikiwa bado mlangoni. Amenenepa, nywele nyeupe, sauti ile ile.

"Nyar Mutuini," akaita, yaani binti wa Mutuini kwa lugha yao. "Umezeeka hivi ama ni jua tu?"

"Ni jua."

"Keti basi, jua lisikumalize."

Nilisema nimekuja kula. Akaniletea. Nilimkagua yule samaki kama mtu wa afya wa kaunti. Nilitafuta chumvi iliyozidi, mafuta ya jana, mwiba uliovunjika. Alikuwa mtamu. Nimeandika hilo mara moja na sitalirudia.

Akaketi mbele yangu. Nikasema, "Auma, ile sufuria nyeupe nilificha mimi."

"Najua. Niliiona."

"Uliiona lini?"

"Alhamisi asubuhi, nilienda kuchukua viazi."

"Uliiona na ukaiacha hapo?"

"Ningeitoa ningepika wa Bi Rukia tena, kama wewe. Nilikuwa nimeshaota wangu." Akachukua kipande kwenye sahani yangu, akala. "Ulidhani umenifungia mlango. Mimi nilikuwa nimeshatokea dirishani, dada yangu."

Hata pale alinizidi. Nilikuwa nimebeba ile sufuria kifuani miaka yote, kumbe yeye alikuwa ameshaiweka chini siku ya pili.

"Kuna lingine," nikasema. "Kule nilikofanya kazi, vijana wanasema unaniiga."

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa aproni. "Mimi? Nakuiga wewe?"

"Niliwafundisha huyu samaki kama wangu. Wote. Tangu siku ya kwanza."

Hapo kicheko kikaisha. Hakupandisha sauti. "Vijana wangapi?"

"Kumi na wawili hivi."

"Na katika hao kumi na wawili hakuna aliyesikia jina langu."

"Hakuna."

Jirani alikuwa anakatakata nyama kwenye ubao, tak, tak, tak. Ile ya sufuria alikuwa amenisamehe bila hata kuona kuna cha kusamehe. Hii iliingia. Halafu akafungua aproni yake, akanitupia mapajani.

"Simama upike. Nione kama angalau uliwafundisha vizuri."

"Auma, nimestaafu."

"Kwangu hujaanza."

Nikapika, mbele ya wateja, Auma amekaa kwenye kiti nyuma yangu kama Bi Rukia. "Kausha huyo, ana maji bado." Nikakausha. "Mafuta hayajalia." Nikangoja. "Ndimu, yawa, unaosha nayo miguu?" Nikapunguza. Sukari guru ikawa nzito, nikaitoa motoni, nikakamua chungwa, nikamwagia. Kijana mmoja aliyevaa tai, aliyekuwa akingoja chakula chake, akanyoosha shingo.

"Mama Auma, leo umeandika mpishi mpya?"

Auma hakuniangalia. "Huyu? Huyu ni mwanafunzi wangu. Amechelewa kidogo tu kumaliza shule."

Meza zote zikageuka. Nilikuwa na mwiko mkononi na miaka sitini na kitu kichwani, na nyuma yangu watu kumi na wawili wanaoniita mwalimu. Nilijua akinyamaza, mimi ndiye natakiwa kusema.

"Ni kweli," nikamwambia yule kijana. "Huyu samaki ni wake. Yeye ndiye alinifundisha."

Auma akasema, "Haya, mpelekee mteja, anapoa."

Kwa hivyo, Brenda, na Peter, na nyinyi wengine: kwenye simu zenu futeni jina langu mwandike lake. Yule mama anaitwa Auma na hamuigi mtu. Mkimfundisha mtu mwingine, mtajeni kwanza, ndipo muwashe moto.

Na kwa haki tu niongeze jambo moja. Yule kijana wa tai alimla samaki wangu mpaka kichwa. Meza ya pembeni kulikuwa na mtu aliyepikiwa na Auma mwenyewe, na yeye kichwa alikibakisha. Niliangalia mara mbili.